Mama Vitumbua

Mwanangu wa pili anapekua simu yangu kama mgambo sokoni. Jumapili kaibuka na swali: "Mama, huyu 'Mama Vitumbua Kukamua' ni nani? Mbona hajawahi kuja kwetu?" Nikamwambia ndiye aliyefanya ukashiba ulipokuwa mchanga. Hakuelewa, akaenda zake kucheza.

Ukweli ni kwamba hata mimi simjui kwa sura. Ninachomjua ni sauti, na ile picha yake ya maua yenye maandishi ya Ijumaa Kareem.

Nilikuwa nimerudi kazini baada ya zile siku 84 za likizo ya uzazi. Sheria ya ajira ya 2004 inampa anayenyonyesha muda usiozidi saa 2 kwa siku akamnyonyeshe mtoto, na bosi aliijua vizuri tu. Alichouliza ni kwamba nitatoka Posta, mjini Dar, hadi nyumbani Mbagala na kurudi ndani ya muda huo kwa usafiri gani. Haya, mjibu. Haijafika hata adhuhuri kifua kinawaka moto, blauzi imeloa, na mkoba siwezi kuuvaa begani. Nikaandika kwenye lile kundi letu la WhatsApp la tangu kliniki. Zikaja pole nyingi, Mungu akutie nguvu nyingi, vikatuni vya mikono inayoomba. Halafu ikaingia sauti ndefu, karibu dakika kumi, kutoka namba ambayo sikuwahi kuiona ikiandika zaidi ya "Amin".

Nikajifungia stoo ya makabrasha. Nikachomeka hedifoni, kanga begani, mapajani kikombe nilichokisuuza kwa maji yanayochemka ya birika la ofisi.

"Haya mdogo wangu, mikono umenawa kwa sabuni? Tulia kwanza. Kanda polepole, usijifinye. Sasa kidole gumba juu, hivyo vingine chini, nyuma ya ule weusi. Chuchu yenyewe usiibane, chuchu haina kitu. Sukuma nyuma, kifuani, ndo ubane. Achia. Tena." Nyuma yake mafuta yanachacharika. "Marahaba, vya shilingi ngapi? Vya elfu? Ngoja vitoke hivi, hivyo vimepoa. Usiburuze vidole mwaya, utachubuka. Mwanzo hakitoki kitu, usikate tamaa. Chenji yako hii baba."

Kweli hakikutoka kitu. Nabana, naachia. Chini ya mlango kivuli cha mtu kikasimama, kikasita, kikaondoka. Nikasogeza vidole kidogo kufuata mzunguko, kama alivyoelekeza. Tone moja likajitokeza, likaganda palepale bila kudondoka. La pili likalisukuma. Kisha uzi mwembamba wa maziwa ukaruka, ukapiga ukingo wa kikombe, chii, nami nikaangua kicheko peke yangu katikati ya mafaili ya mwaka juzi.

Alikuwa anafika kwenye kubadili titi sauti ikakatika. Ya kuendelea haikuingia, bando lake limeisha. Jioni akatuma iliyobaki: mtoto apewe kwa kikombe, si chupa, kwenye friji maziwa yasizidi siku 4, "na umeme wetu huu, hilo friji usiliamini sana".

Nikamtumia hela ya vocha. Akairudisha, na makato ya kurudisha kalipa yeye. "Hela ya nini tena, mtoto si amekula?"

Mtoto alikula, alikua, miezi 6 ikapita bila uji. Kundi nalo likakua, na siku moja likaja tangazo la somo la kukamua na kuhifadhi maziwa: elfu 5, lipia namba hii utumiwe faili. Rafiki yangu akanunua, akanionyesha. Ukurasa wa pili nikakutana na "tulia kwanza", na "chuchu haina kitu". Nikamtumia Mama Vitumbua huku natetemeka kwa hasira. Akajibu kwa sauti, mafuta yanachacharika vilevile: "We nawe! Kwani wanaosoma hawakamui? Mimi alinifundisha nesi wodini, na sikumlipa."

Najua, tenda wema nenda zako. Ila aliyeitunga methali hiyo hakuwa ananunua bando. Hasira yangu haijaisha hadi leo, na sijui kama ninayo haki ya kuwa nayo wakati mwenye mali kashasamehe, kama kweli aliona kuna cha kusamehe.

Rafiki yangu yeye anasema asingeweza kusikiliza dakika zote zile zenye wateja ndani yake. Faili lina michoro, limepangwa vizuri, na siku ileile alikamua. Nilipomwambia maneno yale ni ya nani, akaniuliza anapatikana wapi, na vitumbua vyake anauza bei gani.