Ukucha Wenye Rangi

Juzi binti yangu alinikuta nimekipakata kiatu chake cha kuteleza kwenye barafu, soli ikitazama juu, nami nikiburuza ukucha wa kidole gumba juu ya bapa lake la chuma. Akaniuliza, "Mama, mbona unajikwaruza?" Nikamjibu kwamba ninapima kama linakata. Akauliza tena nani alinifundisha, nami nikamwambia kwamba alikuwa mnoaji mmoja wa zamani. Huo ulikuwa nusu ya ukweli.

Siku ile nilikuwa nimechelewa. Wenzangu walikwisha ingia uwanjani, na mimi nilikuwa bado nimekaa benchini, kiatu cha kushoto mapajani, nikifanya kwa haraka jambo ambalo halipendi haraka. Bapa la kiatu cha barafu halichongwi kama kisu. Lina kingo mbili, wa ndani na wa nje, na katikati yake unapita mfuo uliochimbwa na jiwe la mashine ya kunolea, kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama linakata hana budi kuuliza kila ukingo peke yake, kisigino, katikati na mbele, kwa kuwa ubutu hauenei sawasawa. Ukucha huwekwa kwa kuukingama ukingo, ukavutwa taratibu bila kukandamiza. Ukingo mkali hukwangua na kuacha unga mweupe juu ya chuma. Ukingo butu huuacha ukucha upite. Ncha ya kidole haitumiki, wala hakuna anayepitisha kidole kwa urefu wa bapa, isipokuwa mtu ambaye bado hajajikata.

Ukingo wa nje ulinipa unga wangu. Nikakigeuza kiatu, nikavuta ukucha juu ya ukingo wa ndani, nao ukapita kama unavyopita juu ya mdomo wa glasi. Nakumbuka vizuri kwamba mkono ulisimama. Nakumbuka pia kwamba niliutazama ukucha wenyewe, ambao nilikuwa nimeupaka rangi usiku uliotangulia, nikajiambia kwamba ni hiyo rangi inayoteleza, ingawa dakika moja kabla rangi hiyo hiyo ilikuwa imekwanguliwa upande wa pili bila shida yoyote.

Ili nijiridhishe, nikaliinua bapa kuelekea taa na kulichungulia kutoka kisigino. Kwenye ukingo wa ndani palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga, umenyooka, unameremeta. Nikafurahi, kwa sababu nilidhani chuma kinachong'aa ndicho chuma kikali. Ni kinyume chake kabisa: ukingo uliochongoka barabara ni mwembamba mno kurudisha mwanga, na jicho halioni kitu pale; mstari unapong'aa, maana yake ukingo umelala na kuwa na uso wa kuakisi. Taa ilikuwa imeniambia kile kile ulichoniambia ukucha, nami nikakisoma kama pongezi.

Sababu ya ubutu ule niliijua baadaye, au tuseme niliikubali baadaye. Wiki iliyotangulia niliziacha ala za mabapa, yaani vifuniko vyake, benchini, nikatoka kwenye mikeka ya mpira na kupiga hatua mbili tatu juu ya saruji kufuata chupa ya maji. Saruji haihitaji muda mrefu.

Anguko lenyewe halina mengi. Kwenye kona niliegemea mguu wa kushoto, ukingo wa ndani haukushika barafu, mguu ukaenda zake pembeni, na nyonga ikafika chini kabla sijaelewa. Sikuvunjika kitu.

Nilipompelekea viatu, mnoaji alilaza sarafu kwa kulikingama bapa, nayo ikainama upande mmoja, ishara kwamba kingo hazikuwa sawa kwa kimo. Kisha akaniuliza ninataka mfuo wa kina gani. Mfuo uliopinda kama kipande cha duara lenye nusukipenyo cha milimita 13 hivi ni wa kawaida, na nusukipenyo kikipungua, kina huongezeka na kingo huuma zaidi. Mimi, kwa hasira ya nyonga, nikamwambia anipe mkali kuliko wote. Alinitazama, akanoa, akaondoa kwa jiwe dogo unyuzi wa chuma uliobaki kingoni, na hakusema neno. Kesho yake nilijaribu kusimama ghafla kwa kuyageuza mabapa kiubavu. Badala ya kukwaruza barafu, yaliiuma na kuganda pale pale, nami nikaendelea na safari peke yangu hadi kwenye ubao wa pembeni mwa uwanja. Kwa hiyo katika siku mbili niliangushwa na bapa lisilokata na bapa linalokata, na hadi leo sina jibu la haraka mtu akiniuliza makali ya kutosha ni yapi.

Binti yangu alikichukua kiatu akavuta ukucha wake, uliopakwa rangi ya zambarau, juu ya ukingo wa ndani.

"Linakata kidogo," akasema.

Nikamwuliza kidogo kiasi gani.

"Labda ni rangi," akajibu, huku tayari akikitia kiatu kwenye mfuko.