Bundi wa Waingereza

Nilipokuwa kidato cha pili, niliandika katika insha ya Kiingereza kwamba babu yangu ana busara kama bundi, nikapewa alama nzuri. Lakini nilipomsomea babu mwenyewe kwa Kiswahili, alinyamaza kitambo, kisha akauliza ni nani aliyemtabiria kifo. Tashbihi hiyo ina asili yake kwa Wagiriki wa kale, ambao kwao bundi alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa kike wa hekima, ilhali kwetu akilia juu ya paa watu humfukuza. Popo naye husingiziwa upofu katika Kiingereza, ingawa anaona. Siku hizi, kabla ya kumwingiza mnyama yeyote katika sentensi ya Kiingereza, mimi hujiuliza kama nimewahi kumtazama, au nimemwokota tu katika kitabu cha mazoezi.