Wadachi wa Rammstein na mimi wa Mikindani

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hasemi Mjerumani, alikuwa anasema Mdachi, na akilitaja hilo neno sauti inashuka kidogo, maana habari za Mdachi alizipata kwa mama yake, na mama yake vita vya Majimaji vilimkuta mtoto. Sasa siku moja niko likizo nyumbani Mikindani, nimekaa barazani na kispika changu, nikafungulia Rammstein, bendi ya miziki mizito. Akatoka ndani akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyo anamfokea nani?" Nikamwambia bibi hafoki mtu, anaimba, ni Wadachi hawa. Akanyamaza. Halafu akasema, "Haya, punguza kidogo." Hakuniambia nizime, na mpaka leo sijasahau.

Hao jamaa niliwapata kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo pale Mtwara mjini, nilipeleka memori kadi niwekewe taarabu na Bongo Fleva, kijana akaniwekea na foda nzima ya miziki mizito ambayo sikuiomba. Usiku nikavaa earphone, ikaanza Sonne. Kuna sauti inahesabu moja mpaka tisa kwa Kijerumani, alafu badala ya kumi inasema "aus", yaani kwisha, kama refa wa ngumi anamhesabia mtu aliyelala chini, na baadaye nikaja kujua ule wimbo mwanzo ulikuwa umtolee ulingoni bondia Vitali Klitschko. Alafu magita yanaingia. Jamani. Magita mawili, Richard Kruspe na Paul Landers, yanashuka pamoja kama michi kwenye kinu, hakuna madoido, dramu za Schneider nazo zinakwenda sawa mbele hazipindi kona, na juu yake kuna kakinanda ka Flake kembamba kanalia peke yake utafikiri kamepotea njia. Na Till Lindemann na sauti yake ya chini kabisa, ile r anaiburuza mpaka unaisikia kwenye meno. Niliurudia mara sita usiku ule.

Kwa asiyewajua, bendi ilianza 1994 Berlin, watu sita, wote wa Ujerumani Mashariki, ile iliyokuwa ya kikomunisti kabla ukuta haujaanguka 1989. Till alikuwa muogeleaji wa mashindano akiwa kijana, alafu akawa msusi wa vikapu, na hiyo kwangu mimi mtu wa pwani inanifurahisha sana maana nimekua nawaona mama zangu wanasuka, najua mkono wa msusi ulivyo na subira. Flake, Paul na Schneider walikuwa wameshapiga kwenye bendi ya panki inaitwa Feeling B. Oliver Riedel ndiye wa besi. Na hao sita wa 1994 ndio hao hao mpaka leo, hajatoka mtu hajaingia mtu, zaidi ya miaka 30, wakati bendi ngapi tunazijua zinavunjika kwa sababu ya hela za shoo moja tu.

Jina lao limetoka kwenye msiba. Agosti 1988 kwenye kambi ya jeshi la Marekani ya Ramstein huko Ujerumani kulikuwa na maonyesho ya ndege, zikagongana angani, moja ikaangukia watazamaji, watu 70 wakafa. Wao wakaongeza m moja tu kwenye jina. Wimbo wenye jina hilo umo kwenye albamu ya kwanza, Herzeleid ya 1995, na stejini Till alikuwa anauimba koti lake linawaka moto mgongoni. Moto kwao sio urembo tu, mwaka 1996 Berlin vitu vya steji viliwaka vikaanguka, toka hapo wakaanza kufanya kazi na mafundi wa moto wenyewe na Till akasomea mpaka akapata leseni.

Kilichowatoa nje ni filamu ya David Lynch ya 1997, Lost Highway, iliweka nyimbo zao mbili. Mwaka huo huo wakatoa albamu ya Sehnsucht ikapata platinamu Marekani, na wanaimba Kijerumani! Hapo ndipo ninapowapenda zaidi ya yote. Kila mtu anadhani ukitaka dunia ikusikie lazima uimbe Kiingereza, hawa wakakaa na lugha yao, na watu wa Mexico na Urusi wakajifunza kuimba nao.

Chukua wimbo wao wa Du hast. Ukiisikia kwa sikio hujui anasema "una" au "unachukia", maana kwa Kijerumani maneno hayo mawili yanatamkwa sawasawa, tofauti ni kwenye kuandika tu. Wanaivuta hiyo sentensi kidogo kidogo mpaka inakuja kuwa kiapo cha ndoa, unaulizwa utakuwa mwaminifu mpaka kifo kiwatenganishe, na jibu linakuwa hapana. Sisi tuliolelewa na taarabu tunalijua hilo, ni fumbo hilo, mipasho kabisa ila imevalishwa magita.

Wamesemwa sana pia. 1998 walitumia picha za Olimpiki ya Berlin ya 1936, zilizopigwa na mpiga filamu wa Hitler, kwenye video yao moja, watu wakawaita manazi, na mimi naona pale walikosea kweli, vitu kama vile havichezewi. 2001 wakajibu na wimbo wa Links 2 3 4, wakasema moyo wao uko kushoto, yaani upande wa siasa za mrengo wa kushoto, sio wa manazi.

Ila video iliyonishika kuliko zote ni Deutschland ya 2019. Dakika tisa na kitu, historia yote ya Ujerumani kuanzia msituni enzi za Warumi, watawa, vita, kambi za mauaji, Ujerumani Mashariki yao wenyewe, na nchi yenyewe imechezwa na mwanamke mweusi, Ruby Commey, anapita karne zote na taji lake na mavazi ya chuma. Nilivyomuona mara ya kwanza nilisimamisha video nikamtazama tu. Alafu nikaiangalia tena nikitutafuta sisi. Hatumo. Umatumbi haimo, Nandete ambako Majimaji yalianzia Julai 1905 haimo. Na hapa kwetu boma la Wadachi la 1895 bado limesimama Mikindani, watalii wanalala humo, na sisi kila siku tunasema hela na shule, maneno yao hayo, yametukaa mdomoni.

Na kuna yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, wa Tendaguru, hapo Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ile, zaidi ya tani 200, wapagazi wakaibeba kichwani na mabegani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Leo mnyama amesimama kwenye makumbusho Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na makumbusho yale wakati wa ukuta yalikuwa upande wa mashariki. Upande wa kina Flake. Amezaliwa 1966 mji ule ule, inawezekana kabisa walimu walimpeleka akiwa mtoto akainua shingo kuangalia mnyama wa kwetu bila kujua Lindi ni wapi.

Natamani wangeimba hiyo. Mzigo unavyopanda kichwani, jua, njia ya vumbi, watu wale ambao majina yao hayakuandikwa. Kwa Kijerumani chao hicho hicho, na ile r.