Chungu Kilichopanda Boti

Boti ilipong'oa nanga Unguja, kila aliyenipita alikitupia jicho kifurushi changu: chungu kipya cha udongo, nimekifunga kwa kanga. "Pemba hakuna vyungu?" akaniuliza mzee mmoja. Nikaona haya kumwambia kuwa hicho ni cha kuvulia pweza.

Hoja nilikuwa nayo. Japani wavuvi huzamisha vyungu kama hivyo, vimefungwa kwenye kamba moja ndefu, wala havina chambo. Pweza hapendi kulala uwanjani. Akikuta chungu huingia, na kikivutwa juu hatoki. Wenyewe hukiita takotsubo, na mwaka 1990 madaktari wa huko walipoona moyo wa mgonjwa umefura chini na kubana juu, ugonjwa wakaupa jina la chungu hicho. Ureno nako, pale Santa Luzia, vyungu ni vya tangu zamani. Sisi dema, mtego wa samaki, tunalo, kwa nini pweza asiwe na lake?

Tulipoiacha Nungwi bahari ikachafuka. Yaliyonipata siyaelezi. Mkoani, gari, Chokocho, mashua, na jioni niko Kisiwa Panza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umetuletea chungu?"

Nilipomweleza, mwenyeji wangu alicheka mpaka akashika kiuno.

Zilikuwa siku za bamvua, na bamvua huku maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Kesho yake tukashuka mwambani, mimi nateleza na yebo yebo zangu, yeye anatembea kama yuko uani kwake, fito mbili za chuma mkononi. Nilichokiona mimi ni mawe na mwani. Yeye akasimama. "Yuko hapa." Wapi? Akanionesha magamba ya kaa na kombe zilizovunjwa, zimerundikwa mlangoni mwa shimo. Pweza ana akili nyingi, lakini taka za jikoni hazifichi. Akaingiza ufito taratibu, kama anayepiga hodi. Mkono mmoja ukatoka kuushika, na ufito wa pili, uliopindwa ncha, ukamvuta nje. Kahawia, mweupe, mweusi: rangi zilimpita mwilini mpaka alipochomwa baina ya macho.

Chungu nikakitega ukingoni mwa mwamba, nimekifunga kwenye jiwe. Bibi akakitazama. "Mashimo yote haya, aje apange kwako?"

Basi safari yangu yote ikajibiwa hapo. Vyungu hufaa penye mchanga na matope, ambako pweza hana pa kujificha. Hapa nyumba ni tele.

Tukirudi alinieleza kuhusu kufunga mwamba: sehemu huachwa miezi kadhaa bila kuvuliwa, kwani pweza hukua haraka. Mama hutaga mara moja tu maishani, hulinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Ukimtoa shimoni wakati huo umekula na watoto. Kinachomuudhi bibi ni siku ya kufungua: vijana wenye miwani ya kuzamia huwahi kwenye maji marefu, na wanawake wanaovua kwa miguu hubakiwa na pweza wadogo. Sikuwa na la kumjibu.

Asubuhi ya pili nikakitazama chungu. Kaa mmoja, mdogo kama kishikizo. Bibi akakikung'uta, akakipiga kwa ukucha kusikiliza kama kina ufa, akakiweka kichwani.

"Kizuri hiki," akasema. "Kitafaa kwa tui."