Majasusi wadogo wa likizo

Jana nilishinda kwenye kambi ya watoto hapa mtaani nikisaidia kikundi cha ujasusi. Watoto 14, miaka 8 hadi 11. Bado nina furaha.

Asubuhi tuliandika barua za siri kwa maji ya ndimu na pamba za masikioni. Karatasi ikikauka huoni kitu. Nikapitisha pasi ya moto juu yake (pasi nilishika mwenyewe, mtoto hagusi) na herufi zikaanza kujitokeza, rangi ya chai ya maziwa. Binti mmoja alinishika mkono: "Shangazi, linatokea! Jina langu linatokea!"

Alama za vidole kwa unga wa penseli na selotepu, kupenya kati ya kamba bila kuzigusa, hayo nayo waliyapenda.

Ila kilichonigusa ni fumbo la Kaisari, lile la kusogeza kila herufi hatua tatu mbele: A inakuwa D, B inakuwa E. MAJI unaandika PDML. Nikawapa ujumbe mrefu bila kuwaambia ni hatua ngapi. Kijana mmoja mkimya akautazama weee, kisha akasema: "Maneno yote yanaishia na D, H, L, R au X. Na Kiswahili huishia na irabu." Miaka tisa! Nilimkumbatia.

Leo asubuhi nimekuta kikaratasi cha mwanangu chini ya kikombe changu: QMDD. Nikaenda kuwasha jiko.