Kumbukumbu ya mradi: kujifunza tanga na kulala humo humo, mashua ya Lamu

Mradi wenyewe ni kuendesha mashua ya tanga moja, bila mashine, kwa kuishi ndani yake: kulala, kupika, kufua maji (kuyatoa chomboni), kutia nanga na kuing'oa. Eneo ni maji ya ndani kati ya mji wa Lamu, Shela na kisiwa cha Manda. Msimu ni kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki. Kusi, upepo wa kusini, ikishika, hasa Juni na Julai, bahari ya nje haimfai mwanafunzi, na vyombo vingi wakati huo viko pwani vinatengenezwa.

Kumbukumbu tumeipanga kwa bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Kalenda ya ukutani haisaidii sana humu.

Bamvua la kwanza: kusoma maji

Kabla ya mtu kupewa kana, mpini wa usukani, anafundishwa saa za maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bamvua hupanda na kushuka karibu mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku saa husogea mbele kiasi cha dakika 50. Ukifika wakati wa maji mafu, juma moja baadaye, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne asubuhi, lakini hayapandi sana.

Hapo ndipo wageni wengi wa tanga wanapokwama, na kukwama kwenyewe ni kwa kweli, juu ya matope. Mfano ni mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko hadi magofu ya Takwa, Manda. Unapitika maji yakijaa tu. Bamvua linakupa kina cha kutosha, ila jioni, na giza linakuja nyuma yako. Maji mafu yanakupa mchana mweupe lakini kina ni cha kubahatisha. Sisi tunaingia bamvua likiwa bado linapanda, na tunatoka kabla halijasimama. Ukikaa mpaka maji yaanze kurudi, una saa moja ya salama na si zaidi.

Sababu yake inaeleweka ukigawa kimo cha maji mafungu 12. Saa ya kwanza maji yanashuka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3 ni sentimita 25, kisha 50, kisha 75. Aliyegusa mchanga saa ya kwanza husukumwa kwa pondo akatoka. Aliyegusa saa ya tatu atie magadi (miti ya kuegemeza) ubavuni haraka chombo kisilale, kisha apike chai.

Bildi yetu, chombo cha kupimia kina, ni kipande cha risasi chenye shimo chini lililopakwa shahamu (mafuta mazito ya mnyama). Shahamu huleta mchanga, matope au vipande vya matumbawe, na hilo lina maana kuliko kina chenyewe unapotafuta pa kutia nanga.

Maji mafu: foromali na kamba zake

Siku za mkondo mdogo tulizitumia kwa vifaa. Foromali yetu, nguzo ya mshazari inayobeba tanga, ni miti miwili iliyounganishwa kwa kufungwa, na ni ndefu kuliko unavyodhani ukiitazama kutoka gatini. Maungio ndiyo ya kukagua kila asubuhi. Kamba ya kumbi hukaza ikilowa na kulegea ikikauka, kwa hiyo fundo lililofungwa asubuhi lina umande linaweza kucheza jua la mchana likiwaka. Tunalikaza likiwa kavu, kisha tunalitia kabari ya mti.

Henza, kamba iliyofungwa kwenye foromali, ndiyo inayoibeba, na jarari, kamba ya kuvutia, inapita kwenye gofia (kapi) kuipandisha. Tulijaribu nailoni kwenye jarari na tukaiondoa. Nailoni huvutika, foromali inashuka kidogo kidogo, tanga linakuwa mfuko na chombo hakipandi tena kwenye upepo. Nailoni hiyo hiyo ni nzuri kwenye amari, kamba ya nanga, kwa sababu kule kuvutika kunameza mshtuko wa mawimbi.

Kutweka, yaani kupandisha tanga, kuna ufundi mmoja unaorahisisha kila kitu. Tanga halipandishwi likiwa wazi. Linakunjwa kwa urefu wa foromali na kufungwa kwa nyuzi dhaifu, takriban kila hatua moja, foromali ikapanda na tanga limelala kimya. Vyote vikiwa tayari, demani, kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, inavutwa kwa nguvu mara moja na nyuzi zinakatika kuanzia nyuma kwenda mbele. Uzi ukiwa na nguvu mno haukatiki juu kileleni, na tanga linafunguka nusu, jambo baya kuliko kutofunguka kabisa. Upimaji wetu: uzi unaokatika kwa mikono miwili bila kujikaza. Makuti mabichi yaliyochanwa yanafaa.

Tanga hili halina kamba za kupunguzia. Upepo ukizidi unashusha foromali na kufunga tanga dogo, basi. Ndiyo maana uamuzi wa kubadili unafanywa nanga ikiwa bado chini.

Bamvua la pili: kukisi

Kukisi, yaani kugeuza chombo na kuhamisha tanga, ndilo somo kubwa, na limechukua muda kuliko mengine yote pamoja. Mashua yetu haigeuzwi kwa kupitisha omo (mbele ya chombo) kwenye upepo. Inateremshwa, yaani inaachiwa iende na upepo, upepo unapita tezini (nyuma), na tanga linahamishwa upande wa pili kwa kuzungushwa mbele ya mlingoti. Watu wanne wanatosha, mmoja kwenye kana, mmoja omo, mmoja demani, mmoja kwenye kamba za kushikilia mlingoti ubavuni.

Mshika kana anateremsha polepole hadi upepo uwe tezini barabara. Mtu wa omo anafungua joshi, kamba ya kufungia tanga mbele, na kuivuta ncha ya chini ya foromali kurudi mlingotini, foromali ikasimama wima. Demani inaachiwa, tanga linapepea mbele ya chombo kama bendera, na mwenye demani anaizungusha mbele ya foromali akiileta upande mpya. Wakati huo huo kamba za mlingoti zinahamishwa: zile za upande utakaokuwa joshini (unakotoka upepo) zinakazwa kwanza, ndipo za upande wa pili zinalegezwa. Mwisho ncha ya foromali inarudishwa omo na kufungwa, demani inavutwa, chombo kinapanda tena.

Makosa karibu yote yanatokana na haraka ya kwenye kana. Chombo kikipanda upande mpya kabla kamba hazijakazwa, mlingoti unabeba tanga peke yake bila mshiko. Kikizembea na upepo ukapita upande usiotarajiwa, tanga linabandikwa mlingotini, haliteremki wala halizunguki, na hapo chombo kinaweza kupinduka. Kwa hiyo amri ya kupanda haitoki tezini. Mtu wa kamba ndiye anayepiga kelele "Tayari!", na mshika kana anasubiri hata kama mchanga unakaribia.

Na mchanga unakaribia kweli. Kila kukisi kunakula maji kwa kwenda chini ya upepo, kwa hiyo ukipiga bisha (kupanda dhidi ya upepo kwa kwenda mshazari) kwenye mkondo mwembamba mbele ya mji unaanza kugeuza mapema, ukingo ukiwa bado mbali. Dawa halisi ni kupiga bisha mkondo ukiwa upande wako. Ulichopoteza kwa kugeuza, maji yanakurudishia. Kinyume chake utatoka jasho mchana kutwa na kulala pale pale ulipoamkia.

Farumi, uzito wa kutuliza chombo, ni mchanga kwenye magunia yaliyojazwa nusu, kilo 30 hivi kila moja, ili mtu mmoja aweze kuyahamisha joshini. Mchanga wa kumwaga unaziba njia ya maji, na mawe yanapiga mbao. Nyuma ya mlingoti tunaacha nafasi wazi ya kufulia maji.

Usiku

Nanga yetu ni ya makucha manne, inashika vizuri kwenye matumbawe na vibaya kwenye matope laini. Hesabu ya amari inafanywa kwa maji yaliyojaa: kina mita 2 yakipwa, ongeza 3 za bamvua, ongeza 1 ya kimo cha omo, zidisha kwa 5. Ni mita 30. Anayepima maji yakiwa yamekupwa na kuachia mita 15 ataamshwa usiku na chombo kinachosafiri chenyewe. Mkondo ukigeuka chombo nacho kinageuka, hivyo zamu ya usiku huamshwa saa ya maji kugeuka; kugawana usiku sawasawa hakuna faida.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita 5 kwa mtu kwa siku. Jiko la makaa linakaa kwenye sanduku la mchanga na haliwashwi tanga likiwa juu.

Hali ilivyo sasa

Kukisi kwa upepo wa wastani kunakwenda bila kelele. Kwa upepo mkali bado tunashusha foromali nusu kwanza. Mlango wa Shela haujajaribiwa maji yakitoka dhidi ya upepo wa baharini, maana mawimbi hapo husimama wima. Mbao za juu ya mstari wa maji zinavuja chombo kikilala upande mmoja, kwa kuwa zilikauka pwani. Baada ya siku mbili tatu za kuloweshwa, mshono unaoendelea kutoa maji utatiwa kalafati (kizibo cha mshono) ya pamba na sifa (mafuta ya samaki). Bamvua lijalo chombo kinapwelezwa, yaani kinaachwa kikae juu ya mchanga maji yakitoka, kinachomwa chini kwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, na kupakwa deheni mpya ya chokaa na shahamu kabla maji hayajarudi. Kati ya maji kutoka na kurudi kuna saa chache tu za kazi, kwa hiyo chokaa inapondwa na kuchekechwa siku moja kabla.