Dola za Baba Salma

Hesabu yenyewe niliipigia nyuma ya daftari la hisabati la Salma, kwa penseli yake iliyotafunwa: dola 1,028 mara shilingi 1,600, maana Juni ile ya 2013 dola ilikuwa inacheza hapohapo. Jibu: shilingi 1,644,800. Nikarudia mara tatu. Kwa mwezi! Na Baba Salma, mume wangu, alikuwa na mwezi wa nne Darfur, huko Sudan, analinda amani chini ya Umoja wa Mataifa.

Aliyeniletea namba hiyo ni shemeji yangu, mdogo wake Baba Salma, kijana wa chuo aliyependa kushinda kwenye intaneti kafe mjini Mtwara. "Shemeji, Umoja wa Mataifa unatoa dola 1,028 kwa kila askari kila mwezi. Nimesoma kwa macho yangu." Aliyasema hayo huku anakula wali wangu, akanawa, akaondoka zake.

Kadi ya benki nilikuwa nayo mimi. Kila mwisho wa mwezi nilipanda daladala kutoka Naliendele tulikopanga, nikajipanga kwenye foleni ya ATM, nikatoa ya kodi ya nyumba, ya shule, na kidogo ya kumtumia mama Tandahimba. Kilichokuwa kinaingia ni kilekile cha koplo, hakijaongezeka hata kwa bahati mbaya. Basi kama dola haziji kwangu, zinakwenda kwa nani? Swali hilo likishaingia kichwani mwa mke wa askari, usingizi haupo tena. Ndani ya siku mbili nilikuwa nimeshampa huyo mwanamke jina, nimempangia na nyumba. Nilimweka Dodoma, hadi leo sijui kwa nini Dodoma.

Alipopiga Ijumaa jioni sikumsalimia vizuri. "Baba Salma, zile dola elfu moja na ishirini na nane unampelekea nani?"

Kimya. Halafu akacheka. Angekasirika ningemwelewa, lakini alicheka. Nikamkatia simu.

Asubuhi yake nikaenda kwa Mama Zuhura, jirani wa nyumba ya tatu. Mumewe alistaafu akiwa sajinitaji, na kabla ya kustaafu alishakwenda Lebanon na kofia ya bluu. Nilimkuta barazani anabangua korosho, nyundo mkononi, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nikamweleza yote, pamoja na Dodoma. Hakuinua uso.

"Mama yako Tandahimba anauza korosho?"

"Anauza."

"Kwenye mnada wakitangaza bei ya kilo, ndiyo anayoishika mkononi?"

Nikaguna. Nani wa kusini asiyejua hilo? Kuna ushuru, kuna chama cha msingi, kuna gunia na usafiri na ghala. Na katika stakabadhi ghalani za miaka ile, yaani korosho kuuzwa kupitia ghala, malipo yalikuwa yanakuja kwa mafungu, la kwanza, la pili, na majaliwa kama Mungu akijalia. Mama alikuwa haanzi kupiga hesabu ya mabati mpaka hela iwe kwenye khanga.

"Sasa wewe umesikia bei ya mnada," akasema, "ukaenda kumdai mkulima."

Akanieleza. Umoja wa Mataifa haumwajiri askari. Askari anabaki wa nchi yake na analipwa na serikali yake, kwa cheo chake na viwango vya kwao. Ile 1,028 inalipwa kwa serikali iliyomtoa, kama kuirudishia gharama. Iwe imetoa koplo au imetoa kanali, kichwa ni kichwa. Baadaye nilisoma mwenyewe nikaona kiwango hicho kilikuwa hakijaguswa tangu 2002, na kwamba kilikuwa sawa kwa Mtanzania na kwa Mbangladeshi. Shemeji hakudanganya, ila hakumaliza kusoma.

"Kinachowekwa mkononi mwa askari mwenyewe kutoka Umoja wa Mataifa," akaendelea Mama Zuhura, "ni dola moja na senti ishirini na nane kwa siku."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia. Halafu akaongeza dola 10.50 kwa siku za mapumziko, nazo zina ukomo. Posho nyingine yoyote ni ya mwajiri wake, akamwulize mwajiri wake. Nikapiga hesabu kichwani: elfu mbili na kitu kwa siku. Elfu sitini na kitu kwa mwezi. Yule mwanamke wa Dodoma akafukuzwa kwenye nyumba yake.

"Slipu yake ya mshahara unayo?"

Ilikuwa sandukuni, kwenye bahasha, chini ya vitenge. Miaka saba ya ndoa nilikuwa najua tarakimu moja tu, ile ya ATM. Mama Zuhura akaipokea, akaanza kuteremka nayo kwa kidole mstari kwa mstari: mshahara wa msingi, kodi ya mapato, makato haya, makato yale. Kidole kikasimama kwenye mkopo wa benki, kikaacha doa jeusi ambalo lipo mpaka leo. Mkopo huo nilikuwa naujua, ndio uliotununulia kiwanja cha Mangamba. Nisichojua ni kwamba ulikuwa unameza kiasi kile, na kwamba ulikuwa umebakiza miezi ishirini na miwili.

"Dola zako si hizi hapa," akasema. "Zimelala Mangamba."

Nilikuwa nimeshainuka niende aliponiuliza swali ambalo sikulitegemea. "Jina lako liko kwenye karatasi zake za warithi? Au bado yuko mama yake, kama alivyoandika akiwa kijana?" Sikujua. Nilikuwa nimekesha siku mbili natafuta hela isiyokuwepo, na hilo halikunipitia akilini. Naliendele palepale kuna makaburi ya mashujaa, askari wetu waliofia Msumbiji. Mama Zuhura hakuyataja. Alirudi kwenye nyundo yake.

Jumapili nilimtumia Baba Salma meseji ya kuomba radhi, fupi, ya mtu mwenye aibu. Akajibu, "Msalimie wa Dodoma." Mdogo wake, niliyemlalamikia pia, alikuwa ameshamweleza kila kitu! Wiki hiyo daftari la Salma likarudi kutoka shule, na mwalimu alikuwa ameipa hesabu yangu vema nyekundu.

Suala la karatasi nikasema nitamwuliza kwa utaratibu, si jambo la kwenye simu.

Jumamosi ya tarehe 13 Julai, Ramadhani ndiyo kwanza imeanza. Jioni, redio ya jirani ikasema walinzi wa amani saba wameuawa Darfur Kusini, karibu na Khor Abeche, wote Watanzania. Majina bado. Namba yake ikawa haipatikani. Wanawake watatu tulikaa barazani kwa Mama Zuhura, simu ziko kwenye mkeka mbele yetu, na adhana ya magharibi ikapita bila mtu kushika tende.

Ya kwangu iliita saa mbili na nusu.

"Mama Salma, nasema haraka, vocha ndogo. Mimi mzima." Sauti ilikuwa imekauka. "Mmefuturu?"

Nikamwambia tumefuturu. Mihogo ilikuwa bado mbichi jikoni. Akaanza kuniambia kuhusu mwenzake mmoja, na vocha ikaisha.